Sema kwa Kiswahili

Mimi jina la Mzee Gidasiasa naweza kulitaja mchana kweupe huku natafuna muwa, kwa sababu si baba mkwe wangu. Ni mteja wetu tu. Baba yangu, Bashiri, ana duka la dawa za mifugo pale Katesh, na mzee huyu amekuwa akinunua kwetu dawa ya kupe tangu mimi ni mtoto wa kutumwa chumvi. Alizaliwa bomani kwao Hirbadaw siku ambayo watu wa chama walifika kuwaeleza Wabarabaig habari za siasa. Baba yake hakuelewa hata nusu ya waliyosema, ila neno lenyewe lilimpendeza, akampa mwanawe. Kuna Wabarabaig walioitwa kwa mvua na wapo walioitwa kwa njaa, yeye akaitwa kwa siasa.

Jina hilo halikumdhuru mtu mpaka mwanawe Joakimu alipomwoa Severine.

Maana kwa Wabarabaig mwanamke akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Wala si jina peke yake, hata neno linalofanana nalo analiacha. Kama baba mkwe ana jina lenye jiwe ndani yake, mke wa mwanawe atatafuta namna nyingine ya kusema jiwe mpaka siku anazikwa. Wanawake wana maneno yao ya pembeni kwa kila kitu, na ukikaa nao unazoea. Wanakuja dukani kwetu wanaomba kitu kwa kukizungukia, na mama yangu anawaelewa bila kuuliza. Zamani mimi nilikuwa nawacheka.

Severine alitoka upande wa Endasak, amebatizwa, amemaliza kidato cha sita, ameolewa, amezaa binti. Aliomba kusoma ualimu. Wenye kupanga wakampanga pamoja na mimi kwenye shahada ya utamaduni, jamii na siasa za Tanzania. Kozi zote zile, wakampa hiyo! Siku alipoona jina la kozi kwenye simu yangu aliziba mdomo kwa kiganja, kisha tukacheka sote wawili mpaka baba akatufukuza dukani.

Chuoni Kiingereza kilimsitiri. Tunafundishwa kwa Kiingereza, tunajibu kwa Kiingereza, na neno la Kiingereza halifanani na jina la mzee wa mtu yeyote Hirbadaw. Tukiwa bwenini tunapiga soga kwa Kiswahili, yeye alisema "politiki", na wasichana wa mjini wakamwona anajidai. Kuandika aliandika vizuri tu. "Kalamu haina mdomo," aliniambia. Kwenye karatasi alikuwa anatuacha mbali sote, mimi nikiwa wa kwanza kuachwa.

Binti yake, Glory, alibaki kwa mama mkwe tangu alipoachishwa ziwa. Yule mama alikuwa amezaa wavulana watupu, na alivyompata huyo mjukuu wa kike alimng'ang'ania. Alimpaka mafuta, akamvisha shanga, akalala naye. Severine akirudi likizo mtoto analia akitaka kurudi kwa bibi. Mimi niliyaona hayo na hayakunipendeza, lakini mtoto alikuwa ananenepa, na mama yake alikuwa anasoma, ningesema nini?

Kabla ya kumruhusu, mama mkwe alimwekea sharti, na aliliweka mbele yangu makusudi niwe shahidi.

"Nenda kasome. Lakini siku utakayolitaja jina la baba yao mbele za watu, njia ya Endasak unaijua. Na mtoto ni wa boma hili."

"Mama, hata usingizini silitaji," Severine alisema, na alisema kweli.

Mzee mwenyewe ndiye aliyefurahia masomo kuliko wote. Akija dukani anakalia gunia la pumba, anamwambia kila anayeingia kwamba mke wa mwanawe yuko chuo kikuu, na kwamba akimaliza atawatetea kwenye mambo ya malisho maana atajua kuongea na wakubwa. Baba akimtania, "Mzee, si mtamwita mheshimiwa?" anacheka, ufizi wote nje.

Mwaka wa pili tulipangiwa mafunzo ya vitendo Katesh, yale tunayoyaita fildi. Kila mmoja achague jambo la jamii, alichunguze, aandike. Severine alichagua baraza la wanawake la Wabarabaig. Watu wengi hawalijui. Mwanaume akimkosea mwanamke kwenye mambo ya uzazi au heshima yake, wanawake wanakusanyika peke yao, wanamhukumu, wanamtoza ng'ombe, na hakuna mwanaume wa kubisha. Severine alikusanya habari hizo kwa akina mama, na walimpa kwa moyo mweupe kwa sababu ni mtoto wao. Akaandika kwamba hapa wanawake walikuwa na mamlaka zamani sana, kabla semina hazijafika kuwaletea. Nilisoma nikaona wivu, nasema ukweli.

Kisha akaja msimamizi wetu kutoka chuoni kutukagua. Daktari Wolfgang. Mtu wa mashati ya kitenge, mwenye sauti ya redioni, na sifa yake kubwa ni kupigania Kiswahili. Darasani analazimika kufundisha kwa Kiingereza kama wenzake, basi hasira zake zote anazimalizia fildi. Akatangaza kwamba kila mwanafunzi ataleta mrejesho mbele ya wanakijiji wenyewe, kwa lugha ya wananchi, na palepale atampa alama. Asiyefaulu anarudia fildi mwaka unaofuata.

Severine hakuogopa. Alikuwa ameshapanga maneno yake ya pembeni kama kawaida.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, Hirbadaw. Wanaume upande mmoja na fimbo zao, wanawake upande mwingine na sketi zao za ngozi na bangili mpaka kwenye viwiko. Mama mkwe alikaa mbele, Glory mapajani. Mwenyekiti wa kijiji, Patriki, aliazima kipaza sauti kanisani. Severine akawaamkia wazee shikamoo, akaanza.

Aliongea vizuri jamani. Wanawake walikuwa wanatikisa vichwa na kuguna kwa kukubali. Alipofika kwenye kichwa cha kazi yake akasema, "Nafasi ya baraza la wanawake katika politiki ya kijiji."

"Samahani," Daktari Wolfgang akamkatiza. "Politiki ni nini?"

"Mambo ya uongozi, mwalimu."

"Mambo ya uongozi ni uongozi. Mimi nimeuliza politiki. Hilo si neno la Kiswahili."

Vijana wa nyuma wakaanza kucheka, kwa sababu walijua. Patriki, ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa kifuniko, akamwinamia mgeni sikioni akamweleza. Nikaona uso wa yule bwana unafunguka. Sikupenda ule uso. Alikuwa kama mtu aliyekwenda kuchota maji akaokota tanzanite. Akatoa simu, akaiegemeza kwenye chupa ya maji, akahakikisha inamwona Severine vizuri, ndipo akasimama.

"Wananchi, nimeambiwa kwamba huyu dada anasoma shahada ambayo hawezi kulitaja jina lake. Jamani! Ametuandikia kurasa nzima juu ya nguvu za wanawake. Sasa tuione hiyo nguvu. Dada Severine, sema kwa Kiswahili."

"Mwalimu, naomba niliandike."

"Kuandika ulishaandika."

"Mwalimu, mimi ni mke wa mtu hapa."

"Na mimi ni msimamizi wako hapa. Neno moja tu. Usipolisema, naandika hukuweza kutoa mrejesho kwa lugha ya taifa lako. Tutaonana mwakani."

Nikasimama. Nikamwambia mwalimu, huyu ana mtoto na ana sharti, ukimlazimisha unamvunjia nyumba, muulize hata mwenyekiti. Nilisema yote hayo nimesimama, kwa sauti ya kuuzia dukani, na kila mtu alinisikia. Daktari Wolfgang akatabasamu, akasema, "Asante Hadiya, tumeuona mtazamo wa wafanyabiashara," na watu wakacheka. Wakacheka hata wale ambao baba yangu anawakopesha dawa.

Severine alishika karatasi zake kwa mikono yote miwili, na kwa jinsi alivyofumba mdomo nilijua hatasema. Angerudia mwaka. Angerudia hata miaka mitano. Nilimwona ameshaamua, na nikashusha pumzi.

Ndipo aliposimama Mzee Gidasiasa.

Huyu mzee hakuwa na ubaya, na hilo ndilo linaloniuma. Alisimama kwa fimbo yake, akavuta lubega lake begani, akamwangalia yule daktari, kisha akaangalia chini mbele ya miguu ya Severine, maana mzee naye hamkazii macho mke wa mwanawe.

"Mwalimu, huyu mtoto asirudishwe nyuma kwa ajili yangu," alisema. "Jina ni langu. Nilipewa na baba yangu, sikuazima. Mwanangu, mimi mwenyewe nakufungulia. Sema, umalize shule."

Hapo sasa, angefanya nini? Kukataa amri ya baba mkwe mbele ya mkutano nako ni kumvunjia heshima. Severine akasema lile neno. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetema kitu kwenye leso.

"Hatujasikia," akasema Daktari Wolfgang. "Tumia kipaza sauti."

Akalirudia. Likatoka kwenye spika ya kanisa, likaenda mpaka kwenye mashamba ya jirani. Siasa.

Daktari akapiga makofi. Walimu wa shule ya msingi wakamsaidia kidogo kwa adabu. Wanawake hawakupiga makofi wala kelele. Waliinuka wote pamoja, wakakung'uta ngozi zao, wakaondoka, na mama mkwe alimpita Severine amembeba Glory mgongoni bila kugeuza shingo. Yule bwana aliletewa asali na maziwa, akanywa, akasifu, akampa Severine A palepale. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshaondoka Katesh.

Baraza likakaa siku ileile ya kuondoka kwake. Mimi si wa kukaa humo. Habari nilipewa na Scolastica, mke wa kaka yake Joakimu, ambaye alikuwepo na ambaye mpaka leo akinisimulia anashika kifua.

Kulitaja jina la baba mkwe si jambo geni. Wanawake wanateleza, ulimi hauna mfupa. Aliyeteleza analeta pombe ya asali, anasafishwa kinywa kwa maziwa, wazee wanamtania, yanaisha. Severine aliandaa hiyo pombe. Wengi walikuwa tayari kuipokea. Walianza na mzee: wakamtoza dume jeusi kwa kujifanya anaweza kufungua kinywa cha mwanamke. Akalitoa haraka, kwa furaha kabisa, akidhani amemnunulia mkwe wake amani.

Ndipo mama mkwe akaomba kusema.

"Kujikwaa kuna dawa yake," alisema. "Huyu hakujikwaa. Alisema mara mbili, na ya pili alichukua mashine ya kanisa ili asikiwe. Mlishaona mtu anajikwaa kwa mashine?"

Kikongwe mmoja, Zita, mkubwa kuliko wote, akasema kwamba mtoto alilazimishwa, na kama kuna wa kutozwa ng'ombe ni yule mgeni wa simu. Wakamuuliza mgeni yuko wapi. Mgeni alikuwa njiani, amefunga mkanda wa gari. Mtu aliyeondoka hatozwi, na hasira ikishawaka haikosi wa kumwunguza. Mimi nasema hivi na nitasema tena: mama mkwe hakuwa analinda jina la mumewe. Alikuwa anamlinda mjukuu asichukuliwe na mama aliyesoma. Mila ilikuwa mlango tu alioukuta wazi.

Wakambishia mama mkwe mpaka jua likaelekea kuzama, na mwishowe wakampa Severine kuchagua, hukumu ambayo Zita alisema tangu azaliwe hajawahi kuisikia. Ama arudi Endasak, asome atakavyo, na mtoto abaki. Ama abaki bomani, kinywa chake kipoe: asimsemeshe mtu yeyote wa boma lile, mkubwa wala mdogo, mpaka baraza litakaposema kimepoa. Hawakusema lini. Akitoa neno moja, njia ya Endasak ni ileile.

Nilimfuata siku ya pili kwa bodaboda. Mgeni wa nje aliruhusiwa kuongea naye, tukakaa mbali na zizi. Nilimwambia twende zetu. Nilimwambia kuna ustawi wa jamii, kuna mahakama, sheria ya mtoto tumeisoma wenyewe, wewe ndiye uliyenifundisha kabla ya mtihani!

"Mahakama itanipa," alisema. "Najua itanipa. Itanipa akiwa ameshakuwa mtu mzima, ananiita shangazi. Hadiya, nikiondoka sasa amenisahau. Nikikaa atakuwa ananiona kila siku."

"Atakuona umenyamaza, na si kwa mwezi mmoja tu. Hawakusema mpaka lini."

"Watachoka," alisema.

Joakimu alikuwa anakamua pale karibu. Nikamfuata, nikamuuliza yeye kama mume anasemaje. Akasema mambo ya baraza la wanawake wanaume hawaingilii. Nilimtukana, na sitarudia hapa nilichosema. Akaendelea kukamua.

Mzee alikuja dukani wiki hiyo. Hakukalia gunia. Alisimama mlangoni, akamwamkua baba, akanunua dawa ya kupe asiyoihitaji, maana chupa ya mwanzo ilikuwa haijaisha. "Nilidhani jina ni langu," alisema, akaondoka.

Nikarudi chuoni peke yangu. Kitanda cha Severine kikapewa msichana mwingine. Muhula haujafika katikati, Daktari Wolfgang akaingia darasani na projekta, akatuambia leo tutaona kwa macho maana ya ukombozi wa kilugha. Akawasha. Nikamwona Severine ukutani, mkubwa kuliko ubao, ameshika karatasi. Sauti ya daktari inasema tumia kipaza sauti. Kisha lile neno. Darasa zima likapiga makofi, wengine wakasimama.

"Huyu ni mwenzenu," akasema, amejaa furaha. "Yuko wapi? Severine! Hajaja leo?"

Nikasimama nikamweleza. Nilimweleza yote, ya kuchagua, ya kunyamaza, ya mtoto, na machozi yalinitoka mbele ya wale watu na sikuyafuta. Yeye alivua miwani. Nikadhani ameguswa.

"Ajabu," alisema. "Adhabu ya ukimya! Hilo halijaandikwa popote. Hadiya, ukienda likizo, unaweza kunipatia picha zake?"

Likizo ya Desemba nilikwenda, bila kamera. Mvua zilikuwa zimenyesha, njia ya Hirbadaw ni tope tupu, bodaboda akanishusha nikamalizia kwa miguu. Baraza lilikuwa halijasema kitu. Severine alikuwa amekaa mbele ya nyumba anasafisha vibuyu vya maziwa, amekonda, midomo imekauka na kupasuka kama ya mgonjwa. Aliponiona aliinuka haraka. Tulikuwa bado hatujafika mbali na nyumba, kwa hiyo hakusema kitu, alinishika tu mkono.

Glory alitoka nyumbani kwa bibi yake anakimbia kumfukuza ndama. Ndama akaingia zizini, naye nyuma yake, na ndani mlikuwa na dume kubwa limesimama linakwaruza tope kwa kwato. Severine aliona kabla yangu. Mdomo wake ulifunguka, niliuona umefunguka kabisa, kisha akaufunga kwa mkono. Akaanza kupiga makofi. Alipiga makofi kwa nguvu zake zote, anaruka, huku anakimbilia zizi, na mimi nikapiga yowe kwa niaba yake.

Mtoto akasimama, akageuka, akamwona. Bibi yake alikuwa ameshatokea mlangoni. Glory akamkimbilia, akajificha kwenye sketi yake ya ngozi, akacheka, na akamwambia kwa Kibarabaig, ambacho mimi nimekijulia dukani:

"Bibi, yule bubu ananipigia makofi."

"Usimwogope," bibi akasema. "Haumi."